Mfumo Umegoma: Soma Namba Kabla ya Kurudi Botini

Mtu wa Mbuchi, Msala au Kiongoroni anayetaka kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu huanza kwa kutazama maji. Boti za delta ya Rufiji hufuata kujaa na kupwa; ukiyakosa maji ya asubuhi, siku imekupita. Akishafika nchi kavu hutafuta usafiri hadi Kibiti mjini, huingia steshenari, hukaa kando ya kijana mwenye kompyuta, na fomu hujazwa ukurasa kwa ukurasa. Akibofya kitufe cha mwisho, skrini inakuwa nyeupe, inabaki namba 504 na maneno mawili ya Kiingereza. "Mtandao umegoma, dada. Njoo kesho."

Jibu hilo lina kasoro mbili. Kesho ya mtu wa delta ina nauli yake, malazi yake na maji yake. Halafu, mtandao haukugoma. Ungegoma, hata hiyo 504 isingefika Kibiti. Namba imetoka kwenye seva, mashine inayohifadhi na kuendesha mfumo, ikasafiri salama mpaka kwenye skrini ya steshenari kusema kwamba shida iko huko ilikotoka. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua bando jingine, kubadilisha laini wala kujaza fomu upya. Kinachotakiwa ni kusubiri, na kuna namna ya kusubiri.

Nawaandikia watu wa aina mbili: wanaokaa mbele ya skrini hiyo, na wanaosimamia seva upande wa pili, yaani maofisa TEHAMA wa halmashauri na vijana wanaotengeneza mifumo ya shule, zahanati na vyama vya msingi vya ushirika. Wote wawili wakisoma ujumbe wa hitilafu kwa makini, safari nyingi za bure zitapungua.

Tarakimu ya kwanza

Kila kivinjari kinapoomba ukurasa, seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Utaratibu ni mmoja dunia nzima. 404 ya Kibiti ndiyo 404 ya Muscat. Mambo yakienda sawa namba huwa ni 200, nawe huioni kwa sababu ukurasa unafunguka. Ikianza na 3, unaelekezwa kwenye anwani nyingine. Ikianza na 4, seva inasema ombi lako haliwezi kupokelewa jinsi lilivyo, hivyo huenda kuna kitu cha kurekebisha hapo ulipo. Ikianza na 5, ombi lako limefika ila seva imeshindwa kulifanyia kazi, na hapo ulipo hakuna cha kurekebisha.

Ukikumbuka hilo la 4 na 5 tu, tayari unaweza kuamua kama usubiri Kibiti au urudi nyumbani.

Kama hakuna namba kabisa

Hapa ndipo mtandao unapoweza kulaumiwa. Ukurasa unazunguka tu, au Chrome inaandika maneno marefu yanayoanza na ERR. Fungua kwanza tovuti nyingine ya taasisi nyingine kabisa. Ikifunguka, mtandao wako ni mzima na tatizo ni la ile tovuti moja au la njia ya kuifikia. Isipofunguka, angalia bando, zima data na uiwashe tena, kisha jaribu laini ya mtandao mwingine.

Yale maneno ya Chrome nayo yanasomeka. ERR_INTERNET_DISCONNECTED maana yake simu haina mtandao kabisa. ERR_NAME_NOT_RESOLVED maana yake jina la tovuti halikupatikana, na mara nyingi umekosea herufi. Anwani za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, kwa hiyo hakikisha mwisho huo kabla hujaandika nywila yako. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT ni kwamba umebisha hodi na hakuna aliyeitika. ERR_CONNECTION_REFUSED ni kwamba mashine imeitika lakini programu ya tovuti haipo kazini, na hilo ni la wasimamizi.

Mwezi Mei 2024 watu wa pwani waliona jinsi shida ya njia inavyokuwa. Mafuriko ya Aprili yalikuwa yameshazamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani, na mvua zake zikakata barabara ya kusini upande wa Kilwa. Siku nane baadaye, Jumapili tarehe 12 Mei, nyaya mbili zinazobeba intaneti chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zikakatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo intaneti ilidorora zaidi. Katika hali kama ile huoni 500 wala 503. Unaona kuzunguka, na unaona tovuti moja ikifunguka na nyingine ikigoma kwenye simu ileile, kwa sababu seva iliyoko Dar es Salaam inaweza kufikiwa bila kuvuka bahari, na iliyoko Ulaya inahitaji waya. Nyakati kama hizo usibadilishe nywila wala usifungue akaunti mpya. Akaunti mbili za mwombaji mmoja zitakusumbua hata baada ya waya kuungwa.

Kuna jambo jingine dogo linalowapata wanaochaji simu kwa sola. Simu iliyokaa siku kadhaa bila chaji inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya zamani. Ukifungua tovuti, kivinjari kinakuonya kwamba muunganisho si salama, na mwisho kinaandika ERR_CERT_DATE_INVALID. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na simu yenye saa mbovu huona cheti kizima kama kibovu. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Kama tarehe yako ni sahihi na onyo limebaki, basi cheti cha tovuti ndicho chenye kasoro. Hapo usilazimishe kuingia, hasa mahali unapotakiwa kuandika namba ya NIDA au nywila.

Zinazoanza na 4

404 ni ukurasa usiokuwepo kwenye anwani hiyo. Siku za matokeo ya kidato cha nne, viungo husambaa WhatsApp kabla Baraza la Mitihani halijaweka kitu, na kila anayebofya anakutana na 404. Wakati mwingine kiungo ni sahihi ila aliyekituma aliweka nukta mwishoni, nukta ikawa sehemu ya anwani. Ifute. Ikishindikana, anzia ukurasa wa mbele wa taasisi ushuke mwenyewe.

401 na 403 zinahusu ruhusa. Ya kwanza inadai ujitambulishe. Ya pili inakutambua au hata haijali wewe ni nani, inakataa tu. Toka kwenye akaunti, ingia upya. Kwenye steshenari hakikisha hujakaa ndani ya akaunti ya mteja aliyetangulia, kosa linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ukimaliza yako, toka.

413 ni faili kubwa mno. Picha ya cheti iliyopigwa kwa simu ya kisasa huzidi MB 3 bila shida, na programu nyingi za seva zikiachwa zilivyo hukataa faili mapema sana: Nginx huishia MB 1, PHP huishia MB 2 kwa faili moja. Badili picha iwe PDF, punguza ukubwa, kisha ifungue mwenyewe uone kama saini na muhuri wa mtendaji bado vinasomeka. Faili dogo lisilosomeka litapita kwenye mfumo, lije kukwama mezani kwa mkaguzi, na hiyo ni hasara kubwa kuliko 413.

Ninayoiogopa zaidi kwa watu wa mtandao wa taratibu ni 419, "Page Expired". Haimo katika orodha rasmi ya dunia, ila mifumo iliyojengwa kwa Laravel huionyesha, na mifumo mingine huwa na ujumbe wa maana hiyohiyo. Fomu unayoijaza imebeba alama ya siri yenye muda wake. Ukiiacha wazi huku unampigia baba simu akutafutie kadi ya NIDA sandukuni, muda unaisha, na ukibofya tuma kila ulichoandika kinapotea. Dawa yake huanza nyumbani. Kabla hujapanda boti, andika kwenye daftari namba ya NIDA yenye tarakimu 20, namba ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka, taarifa za uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, na namba ya simu utakayoitumia mpaka mwisho. Kisha hifadhi kila ukurasa wa fomu unapoumaliza, kama mfumo unaruhusu.

429 ni maombi mengi mno kwa muda mfupi, na inaweza kukupata bila kosa lako. Kompyuta zote za steshenari moja huonekana kwa seva kama mteja mmoja, na kampuni za simu nazo huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Jirani akibofya mfululizo, mlango unafungwa kwenu wote. Acheni wote kwa dakika kadhaa.

Zinazoanza na 5

Fikiria seva kama zahanati yenye mapokezi mbele na daktari ndani. Ikitoka 503, mapokezi yenyewe yamekwambia hakuna huduma kwa sasa: watu wamejaa, au kuna matengenezo. 502 ni mapokezi kwenda chumbani na kukuta daktari hayupo, au kurudishiwa jibu lisiloeleweka. 504 ni mapokezi kubisha hodi, kungoja, na kutojibiwa kwa wakati. 500 ni daktari kukupokea, kisha kuanguka katikati ya kazi.

Kwa mwananchi tofauti yake ni hii. 503 kwa kawaida ina maana kwamba kazi yako haikuanza, kwa hiyo unaweza kujaribu tena baada ya muda. 502, 504 na 500 ni za hatari zaidi kwa sababu kazi yako huenda ilianza, na ya 504 huenda hata ilimalizika huko ndani baada ya mapokezi kukata tamaa. Ukibofya tuma mara ya pili unaweza kutuma mara mbili. Funga ukurasa, ingia upya kwenye akaunti, tazama kama ombi limeshapokelewa. Ndipo uamue.

500 ikijirudia mahali palepale, kila mara ukiweka faili lilelile au jina lilelile, wakati kurasa nyingine zinafanya kazi, kusubiri hakutasaidia. Hiyo ni kasoro ya programu na inahitaji kuripotiwa. Zikitokea 502 na 503 siku ya mwisho ya dirisha la maombi, chanzo kinajulikana: wote mmeingia pamoja. Saa za alfajiri seva hupumua. Na anayeweza kuomba wiki ya kwanza ya dirisha asingoje ya mwisho. Mtu wa delta hana anasa ya kushindana na watu wa Dar es Salaam saa mbili kabla ya kufunga.

Fedha

Malipo ya serikali hupitia mfumo wa GePG, uliopo tangu 2017, na hulipwa kwa kontroo namba yenye tarakimu 12. Ada ya maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, imekuwa sh 30,000. Hitilafu ikitokea baada ya kulipa, fedha hazipotei kwa sababu skrini imekuwa nyeupe. Zimefungwa kwenye kontroo namba ile. Usiombe nyingine. Usilipe tena. Hifadhi meseji ya malipo, maana namba ya muamala iliyomo ndiyo ushahidi wako, na kumbuka kwamba taarifa ya malipo inaweza kuchelewa kuonekana kwenye akaunti hata kama imeshapokelewa.

Saa ya kuripoti

"Mfumo wenu haufanyi kazi" ni taarifa ambayo hakuna fundi anayeweza kuitumia. Piga picha ya skrini nzima, anwani ya juu ionekane. Andika ulikuwa unafanya nini, kwenye ukurasa upi, ukitumia simu au kompyuta. Andika tarehe na saa.

Saa ndiyo inayoharibu taarifa nyingi. Mwananchi anaandika "saa nane mchana". Seva huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kwake ni 14:00. Na kama iliwekwa kwenye saa ya kimataifa, iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na tukio limeandikwa 11:00. Ofisa anayetafuta 08:00 atakuta seva ilikuwa shwari na kumjibu mwananchi kwamba hapakuwa na tatizo. Mwananchi, tuma saa kama inavyosomeka kwenye simu, 14:20. Ofisa, uliza ni saa nane ya mchana au ya usiku, na kabla ya yote angalia seva yako inatumia saa ipi.

Kwa wanaosimamia seva

Wengi wakiona 502 huanza kwa kuwasha seva upya. Mara nyingi inarudi, na chanzo kinabaki palepale, tayari kwa kesho. Soma logi kwanza. Kwa Nginx iliyowekwa kwa njia ya kawaida kwenye Linux, iko /var/log/nginx/error.log. Ukikuta "Connection refused" sambamba na 502, programu ya nyuma imekufa au inasikiliza mlango tofauti. Angalia hali yake kwa systemctl status. Ukikuta "upstream timed out" sambamba na 504, programu iko hai lakini inachelewa, na Nginx isipobadilishwa huvumilia sekunde 60 tu. Kuongeza sekunde kunaficha ugonjwa. Nenda kwenye hifadhidata utafute swali linalochukua muda, kwa kawaida ni jedwali lililokua bila kuwekewa faharasa kwenye safu inayotafutwa.

Ukikuta "No space left on device", diski imejaa, na mara nyingi iliyoijaza ni logi yenyewe au viambatisho vya waombaji. Amri ya df -h itakuonyesha. Hapa dalili hudanganya: watu wanaingia na kusoma vizuri, ila kila anayepakia faili anapata 500, na lawama zinaangukia faili lake.

"Too many connections" ni hifadhidata iliyojaa. MySQL ikiachwa ilivyo hupokea miunganisho 151, PostgreSQL 100. Mfumo uliojaribiwa na watu watano ofisini hautajua hilo mpaka siku ya mwisho ya maombi. Jaribuni mzigo kabla ya dirisha kufunguliwa.

Kwenye logi za Nginx tazama pia namba 499. Mwananchi huwa haioni. Huandikwa pale anayeomba anapoondoka kabla ya kujibiwa: amechoka kungoja, amefunga ukurasa, au mtandao wake umekatika njiani. Zikianza kuongezeka ujue mfumo umeshakuwa mzito, hata kama 504 bado hazijatokea. Binafsi ningeifuatilia hii kuliko zote, kwa sababu inahesabu watu waliokata tamaa kimya bila kupiga simu.

Mambo mawili ya usalama. Zima hali ya uchunguzi kwenye mfumo ulio hewani. Kwa Laravel APP_DEBUG iwe false. Ikiachwa wazi, ukurasa wa hitilafu unaweza kuanika njia za mafaili na hata nywila za hifadhidata kwa yeyote. Na unapoomba msaada kwenye kundi la mafundi, usibandike logi zenye majina, namba za simu na namba za NIDA za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu pia fundi mwenye haraka.

Halafu andikeni ujumbe wenyewe kwa Kiswahili. Ukurasa wa hitilafu ni faili moja la maandishi. Ofisa mmoja anaweza kulimaliza kwa asubuhi moja. Usiandike "Samahani, kuna tatizo". Andika kitu kama hiki: "Mfumo umeelemewa. Fomu yako haijapokelewa, lakini kurasa ulizohifadhi zipo. Kama umeshalipa, usilipe tena. Jaribu kuanzia saa 3:00 usiku wa leo. Ukiripoti, taja namba 503 na saa 14:22." Mtu wa delta akisoma hivyo anajua kama alale Kibiti au ayawahi maji.

Ukurasa huo utumwe na namba yake ya kweli, 503, pamoja na kichwa cha Retry-After kinachotaja sekunde za kusubiri. Kuna mifumo inayoonyesha maneno ya kuomba radhi huku seva ikituma 200, na matokeo yake kifaa kinachofuatilia mfumo usiku kucha kinaripoti kwamba kila kitu ni salama wakati fomu hazipokelewi.